Ua la Okidi na Mizizi Yake Miwili

Mvua zikianza kunyesha juu ya vilima vya Bogoro, katika njia ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi, huchipuka kati ya majani ua dogo liitwalo okidi. Laonekana zuri altareni. Jina lake tunataka kulieleza leo, hata kama wazee watatutazama kwa jicho kali.

Ni neno la Kiyunani, orkis, na maana yake ni kende za mwanamume. Theophrastus, aliyefariki yapata mwaka 287 kabla ya Kristu, aliliandika katika kitabu chake cha mimea. Sababu ni mizizi. Ukichimba okidi za Ulaya, na hata baadhi ya hizi za Afrika, waona viazi viwili vidogo vimekaa pamoja. Kimoja kimenyauka, kwa kuwa kinalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, akiba ya mwaka ujao.

Lakini watu walitazama umbo, wakadhani ni dawa. Dioscorides, mganga wa karne ya kwanza, aliandika habari iliyosemwa na watu: mume akila kiazi kikubwa atazaa wana wa kiume, mke akila kidogo atazaa mabinti. (Ndugu zetu wa Zambia huvitwanga na karanga, wakaviita chikanda. Hicho ni chakula, hatuna neno.)

Jambo hili latugusa sisi wawili, mume na mke, tuliojaliwa mabinti wanne. Tangu mauaji ya Bogoro ya tarehe 24 Februari 2003, kulia kwamba jina la ukoo litapotea si mchezo. Basi wanaotuhurumia hawana nia mbaya. Shangazi mmoja alituletea mizizi miwili ya namna hiyo, imefungwa katika jani la mgomba. Akamwambia mama wa nyumba, "Mwanangu, chemsha, unywe, utuletee kijana." Tuliipokea kwa heshima impasayo shangazi, lakini hatukuichemsha.

Lawama humwangukia mama sikuzote. Kumbe tangu mwanzo wa karne ya 20 wataalamu wamejua kwamba yai la mama ni la namna moja tu, lakini mbegu za baba ni za namna mbili, nazo ndizo ziamuazo. Baba wa nyumba alilieleza hilo mwenyewe mbele ya ukoo. Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia: "Basi, Baba, dawa ni yako."

Mizizi ile tuliipanda nyuma ya nyumba. Mmoja umechipua.