Tukipimwa Presha, Tuulizie na Utumbo

Akina mama wapendwa, sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunawaona kila mwezi mkija kupimwa presha na sukari. Tunaandika kwenye kadi, mnapokea dawa, mnakwenda zenu. Lakini kuna jambo hubaki halijasemwa, kwa kuwa linahusu choo, nasi wanawake tumelelewa kuona haya.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi hakukosa kliniki ya presha, huku akificha kwamba anapata choo chenye damu. Aliamini ni bawasiri, akajitibu kwa mizizi. Alipofika hospitali ya rufaa, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imekwisha kusambaa. Tulimuuguza nyumbani kwake kwa zamu mpaka Bwana alipomwita.

Ugonjwa huu huanza polepole. Mara nyingi vinyama vidogo huota ndani ya utumbo, na huweza kuchukua miaka kama 10 kabla ya kugeuka saratani. Vikigunduliwa mapema huondolewa. Kwa hiyo tusisubiri maumivu ndipo tupimwe. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45. Ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua, aulize mapema zaidi.

Kipimo chepesi ni cha choo. Unachukua kiasi kidogo, na maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana, si lazima iwe saratani. Hata hivyo daktari atatakiwa kutazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Si kila zahanati ina kipimo hiki; kisipokuwapo, omba uelekezwe kilipo. Lakini aliyekwisha kuona damu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa, au anayekonda bila sababu, amwone daktari mara moja.

Basi, siku ya kliniki, kabla ya kuondoka, tuseme: "Nesi, umri wangu ni huu; je, nipimwe utumbo?" Nasi wauguzi tutangulie kuuliza, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Baba wa nyumbani naye aambiwe, maana ugonjwa huu huwapata wanaume pia. Mungu atujalie ujasiri wa kusema mapema.