Siku ya Nne na Siku ya Saba

Katika miji ya pwani msiba una desturi zake. Mkeka hutandikwa, sufuria za majirani huazimwa, wanaume hukaa barazani na wanawake ndani, na kila aingiaye anajua la kusema. Hata mtoto azaliwaye mfu ana sanda yake na kaburi lake dogo. Lakini liko pigo moja ambalo mila haikulitengea mkeka. Humwangukia mwanamke aliyeshika mimba ikatunga mahali pasipopasa, nje ya mji wa mimba, nayo ikalazimika kuondolewa kabla haijamuua. Jirani akipata habari hiyo hajui kama atoe pole ya ugonjwa au pole ya kufiwa. Aghalabu hutoa ya ugonjwa, akaondoka upesi.

Mwanamke anayesimuliwa hapa alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini Tanga. Umri wake ulikuwa miaka 32, na miaka sita ya ndoa ilikuwa imepita bila mtoto. Mumewe alikuwa karani bandarini, mtu mpole, mwenye desturi ya kuandika matumizi ya nyumba katika daftari kila jioni. Siku zake zilipochelewa kwa juma moja na nusu, mwanamke alinunua kipimo cha mkojo dukani, akakitazama mara tatu kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakifunga kwa karatasi na kukiweka sandukuni chini ya nguo, kama mtu afichaye dhahabu. Mumewe aliandika tarehe ile katika daftari, bila neno la pili.

Furaha ilidumu siku kumi na moja. Yakaja matone ya damu, kisha maumivu upande wa kushoto wa kinena, ya kuja na kuondoka. Zahanati ya kwanza ilisema mkojo wake ni mchafu, akapewa vidonge. Mama yake mzazi alisema ni chango, akamchemshia mizizi. Kila mmoja alisema kwa nia njema na kila mmoja alikosea, wala si ajabu, maana ugonjwa huu una hila ya kujifanya ugonjwa mwingine. Aliyeutambua ni mkunga mmoja mstaafu wa mtaa ule, ambaye hakupima kitu chochote. Aliuliza maswali mawili tu. Siku zako zimechelewa, mwanangu? Na unaumwa upande mmoja? Alipojibiwa ndiyo mara mbili, alivaa viatu vyake akamsindikiza hospitalini mwenyewe. Picha ya mawimbi ya sauti, ambayo watu huiita ultrasaundi, ilionyesha mji wa mimba mtupu, na kando yake, katika mrija wa kushoto, kitu kidogo kama zambarau.

Mirija hii miwili hubeba jina la Gabriele Falloppio, mwanachuoni wa Italia aliyeieleza mwaka 1561 na kuifananisha na tarumbeta. Ndani yake yai la mwanamke hukutana na mbegu ya mwanamume, na humo kiumbe kichanga husafiri siku kadhaa kuelekea nyumba yake, kikisukumwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mrija uliopata kovu, labda kwa maambukizo ya zamani yaliyopita bila dalili, labda kwa upasuaji, huweza kukizuia njiani. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Katika kila mimba mia, moja au mbili hutunga nje, na zaidi ya tisini kati ya mia za namna hiyo hutunga mrijani, mahali pembamba pasipoweza kutanuka. Mimba ikikua, mrija hupasuka.

“Daktari, haiwezi kusogezwa?” aliuliza.

Swali hili huulizwa na wengi, na anayeliuliza huona haya baadaye, kana kwamba ameuliza jambo la kitoto. Si la kitoto. Mtu aliyeona nyumba iko wazi na mgeni amekwama mlangoni atauliza nini kingine? Daktari aliweka kalamu chini. “Mwalimu,” alisema, “lau ingewezekana tungekuwa tumekwisha kuanza.”

Hadi miaka ya 1880 mwanamke aliyepasuka mrija aliachwa kitandani akatokwa na damu tumboni, na matabibu wakamtazama. Mwaka 1883 Lawson Tait, tabibu Mskoti aliyefanya kazi mjini Birmingham, alithubutu kufungua tumbo na kuuondoa mrija uliopasuka, na mgonjwa wake akapona. Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo kisu kilikuwa ndiyo dawa. Mwaka 1982 matabibu wa Japani walitoa habari ya mgonjwa waliyemtibu kwa methotreksati, dawa ya saratani, ambayo huzinyima chembe zinazokua upesi nafasi ya kutumia asidi ya foliki, zikakoma kugawanyika. Kwa kuwa mrija wa mwalimu ulikuwa haujapasuka, na homoni ya mimba katika damu yake haikuwa nyingi mno, alichaguliwa sindano. Sharti lake lilikuwa kukaa karibu na hospitali yenye maabara na chumba cha upasuaji, majuma kadhaa. Basi akaenda Dar es Salaam kwa wifi yake, dada wa mumewe, mama wa watoto wanne.

Mtu asidhani kwamba sindano ni jambo jepesi kwa kuwa haina mshono. Kwanza alikatazwa vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki siku ya furaha, kwa sababu vina asidi ya foliki, nayo hushindana na dawa. Akaambiwa apunguze na vyakula vilivyo nayo kwa wingi. Wifi yake alipika mchicha na maharage karibu kila siku, kwa imani kwamba mgonjwa hupata nguvu kwa mboga za majani, na kila jioni palikuwa na maelezo mapya juu ya sahani isiyoguswa. Mwishowe wifi alinuna. Hakuwa ameambiwa ukweli wote. Mwalimu alikuwa amesema ana uvimbe, kwa kuwa neno mimba lilimshinda kulitamka katika nyumba iliyojaa watoto, ambamo yule wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa amekwisha kuzoea kulala mapajani pake mchana.

Damu ilipimwa siku ya sindano, kisha siku ya nne, kisha siku ya saba. Tangu siku ya nne hadi ya saba homoni ya mimba hutakiwa ipungue kwa kiasi cha 15 katika mia au zaidi. Mwalimu huzoea kuombea alama za juu. Sasa ilimpasa kuombea za chini. Siku ya kwanza hesabu ilikuwa 2,140. Siku ya nne ikawa 2,480. Daktari alieleza kwamba kupanda kwa namna hiyo katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, wala hakumaanishi kuwa dawa imeshindwa. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Lakini alipokuwa akishuka ngazi, jambo lilitukia moyoni mwake ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alifurahi. Ile namba iliyopanda ilikuwa sauti ya kiumbe kilichokataa kuondoka, na kwa hatua kama kumi za ngazi ile alikuwa mama anayejivunia ukaidi wa mtoto wake. Kisha akakumbuka kwamba ukaidi ule ulikuwa kifo chake mwenyewe. Akasimama akishika ukuta, hata mtu mmoja akamwuliza kama amepotea.

Wako watakaosema kwamba furaha ile ilikuwa upumbavu. Neno hilo ni rahisi kwa asiyepata kusimama katika ngazi ya namna hiyo. Moyo haupokei habari kwa kasi moja na akili, na mwanamke aliyengoja miaka sita hawezi kugeuzwa kwa siku nne tu akawa mwenye kuomba kinyume cha maombi yake yote.

Siku ya saba hesabu ilikuwa 1,960. Daktari alipiga hesabu pembeni mwa karatasi, ikapita 15 katika mia, akasema dawa imeshika. Mwalimu alishukuru kwa adabu, akapanda daladala, akalia tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Juma lililofuata ikawa 1,120. Lililofuata tena, 590.

Hapo ndipo alipopasuka. Watu wengi hawalijui hili, na inafaa walijue: hesabu huweza kushuka vizuri na mrija ukapasuka vilevile, na hatari haiishi mpaka homoni imalizike. Ilikuwa usiku wa siku ya ishirini na tatu. Maumivu yalikuja kama kisu, kisha yakapanda ncha ya bega. Damu iliyomwagika tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho huupelekea ubongo habari kana kwamba limeumia bega. Alikuwa ameonywa juu ya bega. Alimwamsha wifi yake, akamwambia maneno mawili, mimba na bega, akaanguka.

Wifi aliyenuna kwa ajili ya mchicha hakuuliza swali hata moja. Alijifunga kanga kiunoni, akagonga mlango wa jirani mwenye bajaji, na njia nzima alimshikilia kifuani. “Usilale, wifi yangu. Nitajie watoto wa darasa lako.” Mwalimu akaanza kuita majina kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Alifika jina la ishirini na tatu kabla ya kufikia mlango wa hospitali. Walipomfungua walikuta damu kiasi cha lita moja tumboni. Mrija wa kushoto uliondolewa. Mumewe aliwasili kwa basi la kwanza kutoka Tanga, akakuta mkewe amelala na mirija ya dripu mkononi, na wifi amekaa sakafuni akisuka ukili ili asisinzie.

Aliporudi Tanga majirani walikuja, wakasema pole kwa kuugua, wakasifu upasuaji na kuondoka. Baba mdogo wa mumewe alifika siku ya Ijumaa, akazungumza kwa mzunguko mrefu juu ya ndugu fulani ambaye mke wa pili alimletea heri. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa nasaha, akamtolea nauli ya kurudi, na jioni akaiandika nauli ile katika daftari kwenye safu ya hasara. Mama mkwe alikuja baada ya wote, kutoka Muheza, na kikapu cha machungwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, “Kilikuwa na umri gani, mwanangu?”

“Majuma tisa, mama.”

“Pole kwa kufiwa,” alisema. Akavua viatu, akautoa mkeka nyuma ya mlango, akautandika mwenyewe, wakakaa juu yake wawili peke yao hadi jua kutua, wakimenya machungwa.

Kuhusu matumaini, daktari alimpa hesabu, naye alizichukua kwa mikono miwili kama mtu apokeaye maji. Katika wanawake mia waliopatwa na mimba ya nje, kama 65 hupata mimba nyingine ya kawaida katika miezi 18. Mmoja katika kumi hivi hurudiwa na balaa lile. Utafiti uliofanywa katika nchi za Ulaya na Marekani, ukachapishwa mwaka 2014, uliwapima wanawake wenye mrija mmoja mzima: waliopasuliwa mrija mgonjwa ukaachwa, 61 katika mia walipata mimba kwa njia ya kawaida ndani ya miaka mitatu, walioondolewa mrija, 56, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba njia moja inashinda nyingine. Tena mrija wa kulia huweza kulidaka yai lililotoka ovari ya kushoto. Jambo hili la mwisho lilimpendeza kuliko hesabu zote. Alilieleza kwa mumewe kwa vidole vyake, upande kwa upande, juu ya meza ya chakula.

Alisoma pia habari za Lesley Brown, mwanamke wa Uingereza ambaye mirija yake yote miwili iliziba, na ambaye bintiye Louise alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 kwa yai lililorutubishwa nje ya mwili. Louise naye alizaa mwaka 2006 bila msaada huo. Matibabu hayo leo yapo Afrika ya Mashariki, lakini mshahara wa mwalimu na wa karani hauyafikii bila deni kubwa, kwa hiyo habari ile aliifurahia kama mtu afurahiavyo nyumba nzuri ya wengine aipitapo njiani.

Wanaomwambia kwamba atapata mwingine hawakosei kwa hesabu. Wanakosea kwa kuwa hesabu ni ya watu mia, naye ni mmoja. Tena yule wa kwanza hakuwa shilingi iliyodondoka, apewe nyingine badala yake. Aliwajibu asante.

Kwa muda wa miezi mitatu tangu sindano alikatazwa kushika mimba, mpaka dawa itoke mwilini na akiba ya foliki irudi. Mwezi wa nne alifungua ile chupa ya vidonge vilivyokuwa haramu kwake, akameza kimoja kwa chai. Alirudi darasani. Kwa muda hakuweza kuita jina la ishirini na tatu bila kusita, na mtoto mwenye jina hilo alidhani amekosa nini.

Mwezi wa kumi na moja siku zake zilichelewa kwa siku nne. Safari hii hakukimbilia dukani. Alimwambia mumewe usiku, taa imekwisha zimwa, kwamba huenda si kitu. Alikumbuka maagizo: mimba yoyote ijayo ipigwe picha mapema, katika juma la sita au la saba, ionekane imekaa wapi. Mumewe hakusema neno. Asubuhi, alipokuwa akitafuta chaki mezani, aliliona daftari limeachwa wazi. Chini ya mchele na mafuta ya taa, kwa wino ambao haujakauka vizuri, iliandikwa tarehe ya majuma mawili mbele, na kando yake: nauli ya hospitali, watu wawili.