SEHEMU YA 7: Kupanga na kununua nyumba Gdańsk

Wapendwa, nimetoka zamu ya usiku, ila lile swali limejaa inboksi: nyumba huku mnapataje?

Tuanze na kupanga. Huku hawadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama Dar. Unalipa kila mwezi, na mwanzoni unaweka amana, wanaiita kaucja. Tangazo likisema „2 pokoje” usidhani ni vyumba viwili vya kulala, sebule nayo imehesabiwa. Na ile bei kubwa mara nyingi siyo yote: kuna czynsz ya jengo, kuna umeme. Uliza moja kwa moja, kwa mwezi zinanitoka zloti ngapi jumla?

Kinachotutoa jasho wageni ni mkataba wa najem okazjonalny. Unaenda kwa notari kuandika kwamba mkataba ukiisha utatoka, halafu utaje nyumba nyingine utakayohamia, na mwenye nyumba hiyo akubali kwa maandishi. Sasa wewe umeshuka juzi, unamjua nani? Mimi alinisainia mama mmoja wa Kipoland tunayefanya naye zamu. Jamani, sahihi ile siyo ndogo. Ni sawa na kuambiwa, ukitolewa huko, njoo kwangu.

Kununua sasa. Mmesikia mgeni ananunua fleti Poland bila kibali. Ni kweli, kwa Warszawa au Kraków. Lakini sheria ya 1920 ya wageni na mali zisizohamishika inasema msamaha huo haufiki ukanda wa mpakani, na miji inayopakana na bahari imo kwenye ukanda huo. Kwa hiyo Gdańsk, Sopot na Gdynia, mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anaomba kibali kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na anaonyesha kinachomfunga na Poland: kazi, ukaazi, familia. Ukinunua bila kibali, ununuzi ni batili.

Ndiyo maana dalali akikuharakisha, „weka zadatek leo, kuna mtu mwingine anakuja”, tulia. Zadatek ukighairi wewe, imekwenda. Zaliczka inarudi. Omba namba ya księga wieczysta uifungue mtandaoni, bure kabisa: sehemu ya pili inakuonyesha mmiliki, ya nne inakuonyesha kama kuna rehani. Sisi manesi hatumpi mtu dawa bila kusoma faili lake, sembuse kutoa akiba ya miaka mitano?

Mimi naitaka fleti Przymorze, kwenye lile jengo refu la falowiec, mita kama 850 kutoka mwanzo hadi mwisho. Maombi ya kibali nimeshapeleka. Hela iko benki na haitoki hata zloti moja mpaka kibali kije.

Swali lako liache hapo chini. Sehemu ya 8 nitaongelea kujiandikisha makazi na kupata namba ya PESEL.