Kati ya Nimesikia na Nimeelewa

Neno la kwanza la Kiswahili nililolijua maishani ni "ndiyo", na nililipata kwa jjajja wangu, bibi yangu mzaa baba, ambaye hajui Kiswahili. Alijifunza neno hilo enzi za Idi Amin, kwenye vizuizi vya barabarani. Askari akisema lolote, yeye alijibu, "Ndiyo, afande," hata kama hakuambulia kitu. Kwa watu wengi wa rika lake hapa Kampala, Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki, na kuitikia ndiko kulikomfikisha mtu nyumbani salama. Nilipomwambia kwamba nitasoma Kiswahili Makerere, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama nataka kuwa mwanajeshi.

Nilikuwa na hoja zangu tayari. Nilimweleza kwamba tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, na kwamba dunia nzima sasa inakiadhimisha kila tarehe 7 Julai. Hakubishana. Alisema tu, "Kale." Neno hilo la Kiganda ni kama "haya" ya Kiswahili: laweza kuwa kukubali, laweza kuwa kuchoka na maneno ya mjukuu.

Darasani, somo nililolipenda mwanzoni lilikuwa la namna za kuitikia. Nilijaza ukurasa mzima: naam, haya, sawa, nimesikia, nimefahamu, nimeelewa. Nadhani wenzangu watakubali kwamba anayeanza lugha huyapenda maneno haya kwa sababu yanamfanya aonekane anajua kabla hajajua. Polepole niliona kwamba hayafanyi kazi moja. "Naam" humjibu aliyekuita. "Haya" hupokea agizo, hata kwa moyo mzito. "Sawa" huweza kufunga mazungumzo ambayo hukuyafuata. "Nimeelewa" limetokana na kuelea: jambo likiwa wazi kwako, limekuelea, nawe umeelewa. Na "nimesikia"? Hapo ndipo nilipoteleza.

Wakati wa likizo humsaidia shangazi yangu, muuguzi, katika duka lake la dawa huko Katwe. Wakongomani wengi wanaishi sehemu zile, na shangazi hazungumzi Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Jioni moja, yapata saa moja, alikuja mama mmoja kutoka Kivu akiwa amembeba mtoto mwenye malaria. Shangazi alitoa vidonge sita vya dawa mseto: kimoja palepale, cha pili baada ya saa nane kupita, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Nikageuza maneno kwa fahari ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilisema, "Cha pili utampa saa nane." Nikauliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Ndiyo, dada, nimesikia."

Kesho yake saa kumi alasiri alirudi. Mtoto alikuwa bado anachemka. Shangazi aliniambia nimuulize kidonge cha pili alikitoa lini. "Saa nane mchana huu, kama ulivyoniambia," alijibu. Kidonge kilichotakiwa kumezwa saa tisa usiku kilikuwa kimechelewa karibu saa kumi na moja, kwa sababu mimi nilikuwa nimeruka neno "baada". Shangazi hakunigombeza mbele yake. Alifunga duka, tukampeleka mtoto kwa daktari jioni ileile. Alipona, lakini usiku ule sikulala.

Mwanzoni nilijitetea moyoni kwa sarufi. Nilijiambia kwamba mama yule alisema "nimesikia", hakusema "nimeelewa", kwa hiyo ningepaswa kushtuka. Lakini utetezi huo haukusimama. Katika Kiswahili cha Kongo, kusikia ni kuelewa pia, kama vile Mganda anayetaka kujua kama unaijua lugha yake anavyokuuliza, "Owulira Oluganda?", yaani, unasikia Kiganda? Tena mama alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Alielewa nilichosema. Aliyekosea ni mimi, na swali langu halikuwa na njia ya kulifichua kosa hilo. Ukimuuliza mtu mwenye mtoto mgonjwa, mgeni mjini, "Umeelewa?", atajibu nini zaidi ya ndiyo? Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya duka kama yule askari wa kizuizini, nikadai ndiyo yangu, nikaipata.

Sasa siulizi tena hivyo. Nasema, "Mama, hebu niambie wewe utampaje, nisije nikawa nimekosea." Mara nyingi hurudia sawasawa. Mara nyingine husita, na katika kule kusita ndipo tunapoanza upya.

Kama ningeombwa kuwafundisha wanaoanza, ningelianzisha somo la kuitikia kwa neno ambalo halikuwamo katika ukurasa wangu: "sijaelewa". "Sielewi" hufunga mlango, bali "sijaelewa", kwa ile -ja- yake, humwambia msemaji kwamba kazi haijaisha na kwamba bado ninasikiliza. Anayelijua neno hilo halazimiki kuitikia uongo.

Mwezi uliopita nilimfundisha jjajja. Alilirudia mara mbili, akacheka. "Hilo," alisema kwa Kiganda, "hukuweza kumwambia askari." Nilimwambia ni kweli. Tukakaa kimya kidogo, kisha nikaanza kumweleza kwa Kiswahili namna ya kupika wali wa nazi kama tulivyofundishwa na rafiki yangu kutoka Mombasa. Nilieleza haraka haraka, kwa makusudi. Nilipofika kwenye tui la kwanza na tui la pili, aliinua mkono.

"Sijaelewa," alisema.

Nikaanza tena, taratibu.