Likizo ndefu, na kilo zinazopanda kimya kimya

Mwenzenu nilipotea kidogo. Mitihani iliisha Mei, na najua wengi mlidhani nimeenda kubeba maboksi kama ilivyo kawaida ya wanafunzi wa ughaibuni. Safari hii hapana. Sisi tunaosomea ualimu hapa Kentucky tunatakiwa tutimize saa kadhaa za kukaa na watoto kabla ya kupelekwa mashuleni, nami nikapangiwa kambi ya kutwa. Ni kama shule ya kutwa tu: mtoto analetwa asubuhi, jioni anarudi kwao. Hakuna mahema wala kulala porini kama kwenye sinema. Kambi yetu ilikuwa ya bure, kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na lengo lake mojawapo lilikuwa kupunguza unene wa kupindukia.

Najua kuna mtu huko Bongo ameshaguna. Maskini na unene wapi na wapi? Kwetu mtoto akiwa na mashavu tunasema kwao mambo safi. Huku hesabu imegeuka. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2020 zinaonyesha karibu mtoto 1 kati ya 5, wa miaka 2 hadi 19, ana unene wa kupindukia. Kwenye familia za kipato cha chini kabisa ilikuwa asilimia 25.8, na kwenye familia za kipato cha juu asilimia 11.5. Yaani zaidi ya mara mbili.

Sasa jamani, maelezo ya haraka haraka mnayajua. Wazazi hawajali, wananunua soda na vyakula vya kukaanga, watoto wamegandishwa kwenye simu. Nimeyasikia darasani, na nimeyasikia kwa Wabongo wenzangu wa hapa tukiwa tunakula pilau. Lakini ukiuliza swali moja dogo, hayo maelezo yanayumba. Swali ni hili: hizo kilo zinaongezeka LINI?

Mwaka 2016 watafiti wawili, Paul von Hippel na Joseph Workman, walichapisha utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 18,000 wa Marekani, kuanzia chekechea mwaka 2010 hadi mwisho wa darasa la pili mwaka 2013. Walipoanza, waliokuwa na unene wa kupindukia walikuwa asilimia 8.9. Mwishoni walikuwa asilimia 11.5. Halafu sikilizeni hapa: ongezeko lote lilitokea kwenye likizo mbili za kiangazi zilizokuwa katikati. Shule zikiwa zimefunguliwa, idadi haikupanda.

Nilisoma mara mbili. Maana chakula cha shule za huku tunakisema sana, pizza na maziwa ya chokoleti, na mtoto anakaa kwenye kiti saa sita. Bado shule inamlinda kuliko likizo! Na mzazi ni yule yule Aprili na Julai. Kama tatizo lingekuwa uvivu wa mzazi, kwa nini uvivu huo usubiri kengele ya mwisho ya mwaka?

Mwaka 2017 kundi la watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha South Carolina, walilieleza hivi: kinachomlinda mtoto ni siku yenye mpangilio. Kuna saa ya kuamka, kwa hiyo kuna saa ya kulala. Kuna saa ya kula, na katikati hakuna friji ya kufungua. Kuna mtu mzima anayesema "haya, tokeni nje". Hakuna somo la lishe hapo. Ni siku tu yenye kichwa na miguu. Likizo ikifika, vyote vinaondoka kwa wiki kumi au kumi na moja.

Kambini niliona hilo kwa macho yangu. Msifikiri tuliwakimbiza watoto kama jeshi. Asubuhi uji wa shayiri au mkate na tunda, michezo, kusoma hadithi, chakula cha mchana, kuogelea mara mbili kwa wiki, kuchora, tunda tena, nyumbani. Nilipomuuliza kijana mmoja wa miaka kumi kwao anakula saa ngapi wakati wa likizo, aliniangalia kama sijasoma. "Nikiona njaa," akasema. Na analala saa ngapi? "Simu ikiisha chaji." Wiki mbili za mwanzo wengi walikuja wanasinzia. Wiki ya nne walikuwa wanagombania mpira kabla sijaweka mkoba wangu chini.

Mnajua pia kwamba Kentucky kuna Wakongomani wengi, kwa hiyo Kiswahili kilinisaidia. Mama mmoja wa watoto watatu anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Aliposikia nasalimia kwa Kiswahili alinishika mkono hakutaka kuuachia. Nikamuuliza watoto wanashindaje siku ambazo hakuna kambi. Akanijibu kwa Kiswahili chao: "Mwalimu, miye natoka kazi asubui. Batoto banabakia na nani?" Akirudi analala ili usiku aweze kurudi kazini. Mlango anaufunga, televisheni inawashwa, na mezani anaacha vitu ambavyo mtoto anaweza kula bila kuwasha jiko. Barabara mbele ya nyumba yao haina hata sehemu ya kutembea kwa miguu. Mtoto kucheza nje peke yake anaogopa, na jirani akimwona anaweza kupiga simu polisi. Hebu niambieni, huyo mama hajali nini?

Jirani zake wenye pesa nao wanafanya kazi mchana kutwa. Tofauti ni kwamba wao wananunua mpangilio. Kambi za kulipia zinafika mamia ya dola kwa wiki kwa mtoto mmoja. Zidisha kwa wiki kumi, zidisha kwa watoto watatu, halafu utupe kikokotoo.

Serikali haijakaa kimya kabisa. Chakula cha bure cha kiangazi kwa watoto kilianza kama majaribio mwaka 1968. Tangu 2024 pia kuna fedha za kununulia chakula, dola 120 kwa mtoto kwa kiangazi kizima, ingawa si majimbo yote yaliyojiunga. Ni jambo jema sana. Lakini chakula ni kipande kimoja tu cha siku.

Hapo ndipo namkumbuka kaka mmoja mdogo, miaka tisa hivi. Nafasi zilipojaa yeye alibaki kwenye orodha ya kusubiri. Ila chakula cha mchana kituoni kwetu kilikuwa wazi kwa mtoto yeyote, kajiandikisha au hajajiandikisha. Kila siku saa sita kamili yuko mlangoni na dada yake. Anakula taratibu sana, anaitafuna karoti moja mpaka unashangaa. Wenzake wakiinuka kwenda uwanjani, yeye bado anatafuna. Kisha msimamizi anamwambia kwa upole kwamba muda umekwisha, maana asiye kwenye orodha bima haimhusu. Wanarudi ndani kwao, saa saba mchana, jua kali, na jioni iko mbali. Orodha haikusogea mpaka kambi ikafungwa.

Jambo moja nililipenda kambini: hakuna mtoto aliyepimwa uzito mbele ya wenzake, na neno "mnene" halikutajwa hata siku moja. Mtoto anayeonewa haya hakimbii, anajificha. Kama tutaanzisha kambi kama hizi popote, mizani ibaki ofisini.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kupanga somo, malengo, zana, tathmini. Hakuna aliyetuambia kwamba kengele ya saa nne nayo ni dawa. Na dawa yenyewe inakatwa kila Juni, kwa wale wale ambao wazazi wao hawawezi kuinunua. Kwangu mimi swali la unene wa watoto maskini limeacha kuwa "mama anapika nini". Limekuwa "nani yuko na mtoto saa nane mchana mwezi wa Julai, na analipwa na nani".

Mlioko nyumbani, msijione mko salama. Sisi likizo tulipelekwa kwa bibi, tukachota maji, tukachunga mbuzi, jioni tumechoka. Siku hizi watoto wangapi wa Dar wanafungiwa ndani na katuni mpaka dada wa kazi amalize kufua? Na bibi naye kahamia mjini. Haya, nawaachia hapo. Likizo zenu za utotoni zilikuwaje, na wadogo zenu leo wanashinda wapi?