Lou Whitaker Bado Yuko Nje

Mwaka 2001, waandishi wa habari za besiboli nchini Marekani walipiga kura kuamua kama Lou Whitaker anastahili kuingia kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, Cooperstown, New York. Anayepata asilimia 75 anaingia. Asiyefikisha 5 jina lake linaondolewa kwenye karatasi ya kura. Whitaker alipata 2.9. Misimu 19 na Detroit Tigers, mipigo salama 2,369, ubingwa wa mwaka 1984. Vyote hivyo vikapata kura 15 tu.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya mwenzake. Yeye na Alan Trammell walianza kuichezea Detroit siku moja, Septemba 1977 mjini Boston, kisha wakalinda katikati ya uwanja pamoja kwa mechi zaidi ya 1,900. Mpinzani akiwa tayari kituo cha kwanza na mpira ukabingirika chini, Trammell anauokota na kumrushia Whitaker. Whitaker anakanyaga kituo cha pili kabla mpinzani huyo hajakifikia, anageuka na kuurusha kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Wapinzani wawili wametoka kwa mpira mmoja. Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Trammell aliingizwa Cooperstown mwaka 2018, na alistahili. Mwaka 2019 kamati ya jumba hilo yenye watu 16 ikalijadili upya jina la Whitaker. Zilitakiwa kura 12, akapata 6.

Nadhani alichokosa ni kelele. Hakuwa na msimu mmoja wa kutikisa nchi. Alikuwa mzuri mwaka hadi mwaka, na uzuri wa namna hiyo watu huuzoea mpaka wakaacha kuuona. Tunao wengi kama yeye: muuguzi ambaye wodi yake haina malalamiko, mwalimu wa darasa la kwanza aliyewafundisha kusoma watoto wa mtaa mzima. Siku ya kugawa vyeti wao ndio wanaopanga viti.

Mwaka 2022 Tigers waliamua kwamba jezi namba 1, aliyoivaa Whitaker, isivaliwe tena na mchezaji mwingine. Ni heshima kubwa, lakini Cooperstown bado inadaiwa. Ron Santo wa Chicago Cubs alilisubiri jumba hilo miaka mingi. Akafariki Desemba 2010, akachaguliwa Desemba 2011, na hotuba ikatolewa na mjane wake. Whitaker asifanyiwe hivyo. Kamati ikikaa tena, imchague angali hai, apande jukwaani mwenyewe.