Rangi ya Maji katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Wengi hudhani ya kuwa picha ya rangi ikitiwa katika kompyuta na kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, huondolewa rangi tu, kama nguo ichujukavyo juani, na kinachobaki ni picha ile ile. Sivyo. Kila rangi yapasa kupewa mahali pake kati ya weusi na weupe, na mahali hapo huchaguliwa na mtu. Naye asipochagua, mashine humchagulia. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa maporomoko ya maji, maana hapo ndipo nalipoliona waziwazi.

Karibu na mji wa Nyahururu, Kenya, mto Ewaso Narok huanguka mita 74 kutoka juu ya mwamba hata bondeni penye msitu. Wazungu waliyaita maporomoko hayo kwa jina la Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland aliyepita huko mwaka 1883. Lakini Wamasai walikuwa wamekwisha kuuita mto wenyewe kwa rangi, kwani Narok maana yake ni nyeusi. Huko mbele huungana na Ewaso Ng'iro, ambao jina lake lataja rangi ya matope. Yafaa tuyakumbuke majina hayo, maana walioyatoa waliyatazama maji vizuri kuliko wengi wetu tupigao picha.

Nalikwenda huko mwezi wa Mei, mvua za masika zikali zikinyesha, ili nipate picha ya somo letu la udongo uchukuliwao na maji. Mto ulikuwa wa rangi ya chai yenye maziwa, na povu peke yake ndilo lililokuwa jeupe. Picha ilitoka njema. Lakini mashine ya kuchapia ya shule yetu ina wino mweusi tu, basi haikuwa budi kuigeuza.

Kompyuta hutunza kila nukta ya picha kwa hesabu tatu, yaani ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja tangu 0 mpaka 255. Nalipima nukta moja ya maji, nikaona nyekundu 170, kijani 125, buluu 80. Jani la mti kando yake lilikuwa na nyekundu 90, kijani 160, buluu 70. Sasa, programu nyingi hufuata kanuni ya zamani ya televisheni: katika sehemu mia, nyekundu hupewa 30 hivi, kijani 59, buluu 11, kwa sababu jicho la mwanadamu huona nuru ya kijani kupita nyingine. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Maji hupata kama 134, na jani 129. Hizo ni kijivu mbili ambazo jicho huzitenga kwa shida. Mto wangu ulikuwa umepotea msituni, likabaki povu likining'inia peke yake kama pamba iliyonaswa na miiba.

Basi nikaiacha kanuni ile. Nikichukua hesabu ya nyekundu peke yake, maji huwa 170 na jani 90: mto hung'aa mweupe mbele ya msitu mweusi, picha nzuri sana. Nikichukua ya kijani, maji huwa 125 na jani 160: povu hubaki jeupe, lakini maji yenyewe huwa mazito, tena meusi kuliko majani. Ya buluu hutia giza maji na majani pamoja.

Uchaguzi huu haukuanza na kompyuta. Wapiga picha wa zamani waliweka kioo chekundu au cha kijani mbele ya lenzi kwa sababu iyo hiyo. Na kabla ya hapo hapakuwa na uchaguzi, kwa kuwa vigae vya kwanza vya picha vilihisi nuru ya buluu zaidi, na nyekundu vilikuwa kama kipofu. Mwaka 1873 Hermann Vogel, Mjerumani, aligundua ya kuwa vigae vikitiwa dawa za rangi huanza kuhisi kijani na manjano. Nyekundu ilikawia zaidi. Ndiyo sababu katika picha nyingi za kale udongo mwekundu huonekana mweusi, na nyuso za wazee wetu zimetiwa giza ambalo hawakuwa nalo. Mjukuu atazamaye picha ile hudhani amemwona babu yake.

Mwalimu mwenzangu alipoziona nakala mbili mezani aliipenda ile ya nyekundu, akaiomba kwa kalenda ya shule. Nikamwambia ya kuwa imeyasafisha maji yaliyojaa udongo wa mashamba ya watu. Akanijibu, "Lakini Mwalimu, maji si kijivu, wala majani si kijivu. Ukiisha kuondoa rangi umekwisha kusema uongo. Basi afadhali uwe uongo unaopendeza." Neno lake lina nguvu, nami nalilifikiri siku kadhaa. Naona hivi: kila atazamaye picha isiyo na rangi ajua ya kuwa rangi haimo, kwa hiyo hadanganywi na jambo hilo. Lakini aonaye maji meupe haambiwi na mtu ya kuwa weupe ule ni wa hesabu. Huamini ya kuwa mto ni safi, na kwamba huko juu mashamba ni salama.

Nikawagawia wanafunzi nakala hizo, nusu yao hii na nusu ile, pasipo kusema neno, nikawataka waandike habari za maji. Waliopewa ya nyekundu waliandika karibu wote ya kuwa ni maji safi ya mlimani. Waliopewa ya kijani, watatu waliandika matope. Wengine wakaandika ya kuwa mto umefunikwa na kivuli cha mwamba. Nao sikuwalaumu, kwa kuwa kijivu cha kivuli na kijivu cha udongo ni kimoja.

Kwa hiyo nakala ya kijani ndiyo iliyoingia katika somo, na chini yake nimechapa: "Ewaso Narok, mwezi wa Mei, wakati wa mvua. Maji yalikuwa na rangi ya udongo." Mwalimu mwenzangu alipewa ile ya nyekundu kwa kalenda yake, akakubali kuweka maneno yayo hayo, ila kwa herufi ndogo. Picha yenyewe ya rangi nimeihifadhi, na kila mwanafunzi atakaye kuiona huja kuitazama katika kompyuta ya ofisi.